Maswali ya Wasomaji: Viwashio vya Moto vya Kutengeneza Nyumbani

Kiangazi kinapoingia katika mikoa ya Dodoma na Singida, shule na vikundi vya vijana huanza kupanga safari za kambi, na barua zinazotufikia huuliza jambo moja kwa sura nyingi: moto utawashwaje upesi, bila mafuta ya taa na bila kumaliza kiberiti kizima? Katika toleo hili tumekusanya barua zinazohusu viwashio, yaani vile vipande vidogo vya nta, pamba au unga wa mbao vinavyowekwa chini ya kuni ili vishike kwa njiti moja na kuendelea kuwaka hadi kuni zenyewe zishike.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mlezi wa kikundi cha Skauti katika shule ya sekondari wilayani Chamwino. Mwezi Julai tunakusudia kuwapeleka wanafunzi Kondoa kuona michoro ya miambani ya Kolo, na tutalala kwenye mahema. Katika kambi iliyopita kuni zetu zilikuwa kavu kabisa, lakini kila tulipojaribu kukoka moto ulizimika. Naomba unifundishe kutengeneza viwashio kwa vitu vinavyopatikana hapa kwetu kwa gharama ndogo, ili nami niwafundishe wanafunzi kabla ya safari.

JIBU: Mwalimu, kwa maelezo yako tatizo halikuwa unyevu. Kuni nyingi zinazookotwa katika nyika yetu ni za migunga na miti mingine yenye mbao nzito. Zikishashika hutoa makaa mazuri yanayodumu, lakini kushika kwenyewe ni kazi, kwa sababu ukuni mzito huhitaji kupashwa joto kwa muda mrefu kabla haujaanza kutoa gesi inayowaka. Njiti ya kiberiti huwaka kwa sekunde chache tu, na upepo wa kusini-mashariki unaovuma Dodoma kuanzia Juni hadi Septemba hulichukua joto hilo kabla halijaingia ndani ya ukuni. Karatasi za daftari nazo huwaka kwa mwali mkubwa wa muda mfupi, kisha huacha vipande vyepesi vinavyopeperushwa vikiwa bado na cheche, jambo ambalo ni la hatari sana penye nyasi kavu. Kinachotakiwa ni mwali mdogo unaodumu dakika 10 hivi bila kukoma, na hiyo ndiyo kazi ya kiwashio.

Kabla ya kuwapa wanafunzi vipimo, waeleze kwanza kinachowaka ni nini. Nta ikiwa donge haiwaki. Ni lazima iyeyuke, ipande kwenye utambi na kugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Kwa hiyo kila kiwashio kizuri kina vitu viwili: nta au mafuta yaliyoganda, ambayo ndiyo chakula cha moto, na nyuzi au chembe kavu zinazofanya kazi ya utambi. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili hatashindwa kutengeneza kiwashio hata akikosa nusu ya vitu nitakavyovitaja.

Kwa kikundi kikubwa napendekeza trei za mayai za karatasi, unga wa mbao na masalia ya mishumaa. Trei ya kawaida ina vikombe 30, kwa hiyo trei moja au mbili zinatosha safari nzima. Trei za plastiki zisitumike kabisa. Unga wa mbao hupatikana kwa maseremala, ambao mara nyingi huutoa bure, lakini muulizeni seremala amepasua mbao gani siku hiyo. Unga wa mbao za kubandikwa kwa gundi, wa mbao zilizopakwa rangi, au wa nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa haufai, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina arseniki, na moshi wake ni sumu. Mishumaa iliyobaki vipande hupatikana makanisani na majumbani.

Unga uanikwe juani kutwa nzima, mahali pasipo na upepo. Kisha chukueni sufuria kubwa, mtie maji ya kina cha vidole vitatu, na ndani yake muweke kopo la bati au sufuria ndogo ya zamani lenye vipande vya mishumaa, likikalia kokoto chache ili lisiguse kitako cha sufuria kubwa. Njia hii ya kuyeyusha kwa maji ina sababu. Nta ya mishumaa huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi, ilhali mvuke wake huanza kuwa tayari kushika moto joto linapokaribia nyuzi 200. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Maana yake ni kwamba, maadamu sufuria ina maji, nta itayeyuka vizuri na haitaweza kufikia joto la hatari. Mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kuangalia maji yasikauke, asiwe na kazi nyingine.

Nta ikishayeyuka yote, ipueni na muiweke mbali na moto. Toeni tambi kwa kijiti, wala msizitupe. Mimineni unga wa mbao kidogo kidogo huku mkikoroga, hadi mchanganyiko uwe kama mchanga uliolowa, ambao hushikana ukiufinya kwa kijiko lakini hauchuruzi nta. Hapa ndipo wengi hukosea. Nta ikizidi, mwali huzama na kufa kwa kukosa utambi. Unga ukizidi, kiwashio huwaka kwa pupa na kuisha kabla kuni hazijashika. Jazeni vikombe vya trei, shindilieni kidogo tu, chomekeni kipande cha utambi au uzi wa katani katikati, na acheni vipoe. Vikishaganda, vikateni kimoja kimoja, lakini kila kimoja kibaki na ukingo wa karatasi usioingia nta, kwa sababu hapo ndipo njiti itakapogusa. Mahali pasipo na trei, magunzi ya mahindi yaliyokauka yanaweza kukatwa vipande vya urefu wa kidole na kuchovywa ncha moja kwenye nta. Yanafanya kazi, ingawa huchelewa kushika kuliko vikombe.

Pimeni kiwashio kimoja nje, penye upepo, kabla ya safari. Mkiwasha moto kambini, lazeni ukuni mnene upande unakotoka upepo, muweke kiwashio nyuma yake, kisha muegemeze juu yake vijiti vyembamba kama njiti za fagio, vifuatwe na vya unene wa kidole, huku mkiacha nafasi hewa ipite. Kuni za migunga ziongezwe baada ya vijiti kuwaka, si kabla.

Kuhusu Kolo kwenyewe, nakuomba sana uwe mkali. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Moshi huacha masizi juu ya rangi, na joto la moto hubandua tabaka la juu la jiwe pamoja na kilichochorwa juu yake. Moto usiwashwe pangoni wala chini ya mwamba uliojitokeza, hata kama hamuoni mchoro hapo, kwa kuwa mingine imefifia kiasi kwamba jicho lisilozoea haliitambui. Wasimamizi wa eneo hilo waulizwe kwanza ni wapi kambi na moto vinaruhusiwa.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, na mimi na wenzangu hupenda kwenda kulala kwenye vilima vya nje ya mji mwisho wa wiki. Rafiki zangu huloweka unga wa mbao kwenye mafuta ya taa, na mmoja hubeba petroli kidogo katika chupa ya maji. Wanasema hizo nta ni kupoteza muda. Je, wamekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wa petroli amekosea vibaya, na ni vema umwambie leo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi 0. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa ardhini bila kuonekana na kufika kwenye moto ulio hatua kadhaa mbali, kisha mwali hurudi kwa kasi hadi kwenye chupa na mkono ulioishika. Watu wa kanda yetu hawajasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lilipinduka, moto ukalipuka wakati watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Chupa ni ndogo kuliko lori, lakini petroli ni ileile.

Mafuta ya taa si mepesi kulipuka kiasi hicho, na siwezi kusema kwamba unga uliolowekwa humo hauwaki. Unawaka. Hata hivyo mafuta huvuja ndani ya begi, huacha harufu kwenye chakula na nguo, na katika buti ya gari iliyoachwa juani yanaweza kufikia joto la nyuzi 40 hivi, ambalo linayatosha kuanza kutoa mvuke unaowaka. Zaidi ya hapo, mafuta ya taa yanayowekwa katika chupa za maji na soda yamewadhuru watoto wengi walioyanywa wakidhani ni kinywaji. Kiwashio cha nta ni kikavu, hakivuji, na kinakaa mfukoni. Huo muda mnaouita wa kupoteza ni alasiri moja kwa viwashio vya msimu mzima.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nilijaribu kuyeyusha mishumaa kwenye sufuria juu ya jiko la gesi, ikaanza kutoa moshi mweupe, nikaogopa nikazima. Mume wangu anasema ingewaka ningemwagia maji tu. Naomba ushauri. Mama wa watoto watatu, Kizota.

JIBU: Mama, ulifanya vema kuzima. Moshi ule ulikuwa dalili kwamba nta imepata joto kupita kiasi, na huja kabla ya mwali. Lakini maji yasimwagwe kamwe juu ya nta inayowaka, kama yasivyomwagwa juu ya mafuta ya kula yanayowaka. Maji ni mazito kuliko nta. Huzama chini yake, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hurusha nta yenye moto hadi darini na usoni mwa aliye karibu. Mwambie mzee kwa upole, lakini umwambie.

Kinachotakiwa ni kuzima jiko na kufunika sufuria kwa mfuniko wake au kwa sinia la bati, ukiutelezesha kutoka upande ulio karibu nawe. Moto ukikosa hewa utakufa. Usiibebe sufuria kuipeleka nje, na usifunue kutazama mpaka ipoe. Ndiyo maana nasisitiza mfuniko uwekwe mkononi kabla ya kuwasha jiko, watoto wakae mbali, na nta iyeyushwe ndani ya maji kama nilivyomweleza mwalimu hapo juu.

Nta ya moto ikimwagikia ngozi, ipoze mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Najua bomba la kwetu halitoi maji kila saa. Basi maji ya ndoo yamiminwe taratibu kwa kikombe, mtu mwingine akisaidia. Nta iliyoganda juu ya ngozi isibanduliwe kwa nguvu, na dawa ya meno, asali, samli au unga visipakwe. Malengelenge yakitokea, au ikiwa ni uso, mkono au mtoto mdogo, nendeni kituo cha afya.

SWALI: Sisi ni kikundi cha wafugaji wa nyuki wilayani Manyoni. Baada ya kukamua asali tunabaki na nta nyingi. Je, inafaa kwa viwashio, na je, itastahimili joto la Oktoba?

JIBU: Inafaa, na kwa joto la kwenu inafaa kuliko mishumaa mingi. Nta ya nyuki huyeyuka kwa nyuzi 62 hadi 65, ilhali mishumaa laini ya bei ndogo huanza kulegea mapema zaidi, na viwashio vyake vikiachwa ndani ya gari lililofungwa juani hugandamana vikawa donge moja. Nta ya nyuki pia hushikamana vizuri na nyuzi za katani na pamba. Ichujwe kwanza kwa kuichemsha pamoja na maji na kuipitisha kwenye kitambaa, ili masega, makapi na asali iliyobaki viondoke, maana asali huvuta unyevu, na kiwashio kitasinzia badala ya kuwaka.

Nitakuwa mkweli kuhusu biashara. Nta safi ina thamani kubwa sokoni kuliko kiwashio mtakachokitengeneza kwayo, kwa hiyo ile ya daraja la kwanza iuzeni kama nta. Viwashio vitengenezwe kwa ile nyeusi ya masega ya zamani, ambayo wanunuzi huikataa. Vihifadhiwe katika kopo lenye mfuniko, kivulini, kila safu ikitenganishwa na karatasi. Unene wa mchanganyiko upimwe upya, kwa sababu nta ya nyuki huwa nzito ikiyeyuka na unga hauinywi upesi. Koroga polepole na uiache kwenye maji ya moto muda mrefu kidogo zaidi.

SWALI: Tunapiga kambi milimani Mpwapwa mwezi Machi, wakati wa mvua. Kiwashio gani kinafaa kwa kuni zilizolowa?

JIBU: Vikombe vya trei vinafaa, kwa kuwa nta hukataa maji, lakini kwa majira hayo ongezeni pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Chukueni pamba halisi ya hospitali, si ile ya kujazia mito, ambayo huyeyuka na kunata. Ipakeni mafuta kwa nje, katikati ibaki kavu. Kambini mnaichana ili nyuzi kavu zitokeze, na nyuzi hizo hushika hata kwa cheche. Mwali wake hudumu dakika 4 au 5. Kwa kuwa mafuta hayo hulegea kwenye joto, ibebeni katika kichupa kinachofunga vizuri. Hakuna kiwashio kitakachokausha gogo lililonyeshewa wiki nzima. Tafuteni matawi makavu yaliyokwama juu bila kugusa ardhi, myapasue kwa panga, na mtumie moyo wake, ambao mara nyingi mvua haijaufikia.

SWALI: Huku Bahi tuna nyua nyingi za minyaa. Matawi yake yaliyokauka yanafaa kukokea moto?

JIBU: Yaacheni. Utomvu mweupe wa mnyaa hudhuru macho vibaya, na tawi linaloonekana kavu kwa nje linaweza kuwa bado na utomvu ndani. Mabua ya mtama na ya alizeti yamejaa mashambani baada ya mavuno. Ombeni kwa mwenye shamba.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji, wilayani Kondoa. Wageni wanaopiga kambi huondoka asubuhi wakiwa wamefukia makaa kwa mchanga, nasi tumewahi kupata moto wa nyasi. Mnawafundisha watu kuwasha. Je, kuzima mnawafundisha?

JIBU: Ndugu yangu, swali lako lina haki ya kuja mbele ya mengine yote. Mchanga uliotupiwa juu ya makaa huyafunika na kuyatunza. Hubaki na moto kwa saa nyingi, na upepo wa mchana ukiufukua, cheche zinarudi. Mtoto anayepita hapo bila viatu huungua bila kuona chochote.

Kuzima huanza wakati wa kuwasha. Nyasi zifyekwe na kufagiliwa hadi udongo uonekane, upana wa mita 3 kila upande, na moto uwekwe katika shimo la kina cha sentimita 30 hivi. Mawe ya mtoni yasitumike kama mafiga, kwa kuwa yaliyonyonya maji yanaweza kupasuka yakipata joto. Kuni ziache kuongezwa saa moja kabla ya kulala au kuondoka. Kisha maji yamwagwe, majivu yakorogwe kwa kijiti, maji yamwagwe tena, na mtu aweke kiganja karibu hadi awe na hakika kwamba pamepoa. Pasipo na maji ya kutosha, udongo uchanganywe na makaa kwa kukoroga na kurudia mpaka kila kipande kipoe. Kufukia peke yake hakutoshi. Upepo ukiwa mkali, chakula baridi kinatosha kwa usiku mmoja.

Moto ulioteketeza sehemu ya uoto wa Mlima Kilimanjaro kuanzia tarehe 11 Oktoba 2020, kwa taarifa ya awali ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, ulianza eneo la Whona ambako wapagazi walikuwa wakipasha chakula. Nashauri kamati yenu iwaonyeshe wageni sehemu moja ya moto iliyosafishwa tayari, na mgeni asiondoke mpaka mjumbe ameigusa mwenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inagusa pia uchomaji moto, hivyo ofisa misitu wa wilaya anaweza kuwasaidia kuandika utaratibu huo katika sheria ndogo za kijiji.

SWALI: Je, viwashio hivi vinaweza kuwashia jiko la mkaa nyumbani badala ya mifuko ya plastiki? Na nyama haitanuka nta?

JIBU: Vinaweza, na moshi wa plastiki haufai kuvutwa na mtu yeyote, sembuse kuingia kwenye chakula. Nusu ya kikombe kimoja chini ya mkaa inatosha jiko la kawaida. Anzia chini, mlango wa jiko ukielekea upepo. Harufu ya nta hutoka wakati kiwashio bado kinawaka, kwa hiyo nyama iwekwe juu ya jiko baada ya mwali kwisha na mkaa kufunikwa na majivu meupe.